Nyumba ya Mawe katika Mji wa Canton

Leo tupande mto pamoja. Mto huu uko kusini ya China, nao huitwa Mto wa Lulu. Kwa muda wa karne nyingi ulikuwa njia ya kukutana Wachina na wageni wa ng’ambo. Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa mto huu alipona?

Mdomoni mwa mto tunaona kwanza mji wa Macau. Wareno walikaa hapo tangu mwaka wa 1557, nao uliwarudia Wachina mwaka wa 1999. Ukipanda ngazi ndefu ya mawe, unafika mbele ya uso mzuri wa kanisa la Mtakatifu Paulo. Lakini nyuma ya uso huo hakuna nyumba tena, kwa maana moto uliiteketeza mwaka wa 1835. Katika mji huu alifika Padri Matteo Ricci, Mjesuiti wa Italia, mwaka wa 1582. Hakuja na mizinga. Alijifunza Kichina, akavaa mavazi ya wataalamu wa nchi, akawachorea ramani ya ulimwengu, na mwaka wa 1601 akaruhusiwa kukaa Peking. Alipofariki mwaka wa 1610, Kaisari wa China alitoa kiwanja cha kumzikia. Mgeni huyo alipendwa.

Tukiiacha Macau, mto unakuwa mwembamba mpaka Humen, penye ngome za kale. Merikebu zote za biashara zilipita hapa kwenda Canton, mji ambao Wachina wenyewe huuita Guangzhou. Toka mwaka wa 1757 wafanyabiashara wa Ulaya hawakuwa na ruhusa ya kununua katika bandari nyingine. Walipewa nyumba chache ukingoni mwa mto, nje ya kuta za mji. Wake zao walikatazwa kuja, na majira ya biashara yakiisha walipaswa kurudi Macau.

Waingereza walitaka sana majani ya chai, lakini Wachina hawakuhitaji sana bidhaa zao. Basi walilipa kwa fedha tupu. Walipoona fedha inawapungukia, walitafuta kitu ambacho mtu akikizoea hawezi kukiacha: ndiyo afyuni, iliyolimwa katika India. Sheria ya China iliikataza, nao wakaiingiza kwa magendo. Tusifiche neno: hata Wachina wengine walishiriki, na wakubwa wa serikali walipokea rushwa. Watu wakadhoofika, jamaa zikafilisika.

Mwaka wa 1839 Kaisari akamtuma mtu mwaminifu, jina lake Lin Zexu. Huyo aliwalazimisha wageni kutoa masanduku zaidi ya 20,000 ya afyuni. Hapa Humen, mwezi wa Juni, alichimbisha mashimo makubwa, akaamuru afyuni ichanganywe na maji, chumvi na chokaa, kisha imwagwe baharini. Kabla ya kazi hiyo alitoa sadaka kwa mungu wa bahari, kwa kuwa bahari itatiwa uchafu. Alikuwa hajabatizwa, lakini dhamiri yake ilijua kutofautisha faida na haki.

Waingereza walijibu kwa manowari. Mwaka wa 1842 China ilishindwa, ikaitoa Hong Kong, ikafungua bandari tano, ikalipa mali nyingi.

Sasa tufike Canton. Karibu na mto linasimama kanisa kubwa la Moyo Mtakatifu wa Yesu. Watu wa mji huliita Nyumba ya Mawe, kwa maana kuta na nguzo zake ni za mawe magumu matupu, na minara yake miwili yapata urefu wa meta 58. Moyo wa Mkristu hufurahi kuiona. Lakini aulize pia: kiwanja hiki kilipatikanaje?

Palikuwa makao ya mtawala wa jimbo, yaliyoharibiwa katika vita ya pili, iliyoanza mwaka wa 1856. Mwaka huo Padri Auguste Chapdelaine, Mfaransa, aliuawa katika Guangxi kwa ajili ya imani, na siku zile zile wakafa Wakristu wawili Wachina, Laurenti Bai Xiaoman na Agnes Cao Guiying. Wote watatu walitangazwa watakatifu mwaka wa 2000. Lakini serikali ya Ufaransa iliifanya damu ya padri kuwa sababu ya kupigana pamoja na Waingereza. Baada ya ushindi Wafaransa wakapata kiwanja. Basi Wachina wengi waliona msalaba na mzinga vinashuka katika merikebu moja, wakadhani ni kitu kimoja. Hilo lilikuwa jeraha kubwa kwa Kanisa.

Jeraha hilo laponywaje? Mwaka wa 1919 Papa Benedikto XV aliwaonya wamisionari wasitafute faida ya mataifa yao. Mwaka wa 1926 Papa Pio XI mwenyewe aliwapa uaskofu mapadri sita Wachina katika Roma. Nasi katika Kongo tulipata furaha ya namna hiyo mwaka wa 1956, Monsinyori Pierre Kimbondo alipopewa uaskofu.

Tena, tazameni mawe yenyewe. Kazi ilianza mwaka wa 1863, ikamalizika mwaka wa 1888. Chini ya msingi uliwekwa udongo wa Yerusalemu na wa Roma; lakini waliochonga na kupandisha mawe walikuwa mafundi Wachina, na msimamizi wao, Cai Xiao, alikuwa Mchina. Kiwanja kilitwaliwa kwa nguvu. Nyumba ilijengwa kwa jasho la wenyeji. Humo leo Wachina wanasali kwa lugha yao.

Wazazi na wanafunzi, mgeni akibisha hodi, tumpokee kwa heshima, lakini tuangalie amechukua nini mkononi. Nasi tukienda ugenini na jina la Kristu, mkono wa pili usifiche afyuni.