Ufunguo wa Lizaboni

Udalali niliuanza nilipomaliza kidato cha nne, huku nikiandika riwaya yangu. (Haijaisha.) Bibi mmoja wa Lizaboni, hapa Songea, alinipa ufunguo wa nyumba yake nimtafutie mnunuzi. "Mjukuu wangu, ukiuza, asilimia tano yako." Hatukuandikishana chochote.

Nilizunguka Bombambili, Mfaranyaki, Mjimwema, hadi soli zikaisha. Mwezi wa pili nikampata mfanyabiashara wa mahindi, hela mkononi. Jioni ile ile nikasikia bibi amefariki.

Kijiweni wakaniambia, "Uza upesi kabla ndugu hawajafika!" Nusura niwasikilize. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyenifungulia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kumbe uwakala nao hufa: kazi ikikamilika, mwenye mali akikufuta, wewe ukijitoa, au mmoja wenu akifa ama akipata wazimu. Na mimi habari za kifo nilikwishazipata, nisingeweza kujifanya sijui. Kilichobaki mikononi mwangu ni kuilinda nyumba kwa ajili ya warithi, basi.

Nikaenda msibani, nikamkabidhi mwanawe ufunguo mbele ya wazee. Akaniuliza, "Kwani wewe nani?" Nikababaika. Jana yake ningesema dalali.

Mnunuzi alingoja ateuliwe msimamizi wa mirathi, akachoka, akanunua Msamala kupitia dalali mwingine. Fundi viatu bado ananidai.