Taa ya Shimoni

Katika miaka yangu ya ualimu nilizoea kuwaambia wanachuo kwamba mwanga ni chombo cha kazi kama ulivyo ubao. Nilikuwa nikifikiria macho ya mtoto na daftari lake. Uzeeni nimeona kwamba ziko kazi ambazo taa mbovu haichoshi macho tu, bali huweza kuutoa uhai wa mtu.

Hapa Kimara, kandokando ya Barabara ya Morogoro, gereji hazihesabiki. Fundi hushuka shimoni chini ya gari, ameshika taa ya waya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama mle mle shimoni. Globu ya zamani ikianguka na kuvunjika, ule uzi wake unaowaka waweza kuulipua. Nguvu ya petroli tunaijua. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, tukazika watu zaidi ya 100.

Tatizo hili ni la kale. Mwaka 1812 mlipuko katika mgodi wa makaa wa Felling, Uingereza, uliua watu 92. Mwaka 1815 Humphry Davy aliuzungushia mwali wa taa wavu mwembamba wa waya, ukawa unaupoza moto usiifikie gesi ya nje.

Kijana mmoja mwenye gereji alinijia na taa mbili za LED.

“Shikamoo, Mwalimu. Hii bei yake ni mara nne ya ile. Si zote zinawaka?”

“Marahaba. Kuwaka siyo sifa pekee,” nilimjibu, nikavaa miwani.

Tulisoma maandishi yake pamoja. Katika alama ya IP66, tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 maana yake haliingii kabisa. Ya pili inahusu maji. Lakini kuzuia maji siyo kuzuia mlipuko. Penye mvuke wa petroli hutafutwa alama ya Ex, tena yenye cheti, kwa kuwa alama huigizwa. Swichi na soketi nazo zisiwe shimoni, maana hutoa cheche. Kisha nikamweleza kuwa adui wa LED ni joto: aghalabu kifaa cha kurekebisha umeme ndani yake hufa kabla ya taa yenyewe. Basi taa ya kazi ngumu iwe na mwili wa chuma unaotawanya joto, nayo istahimili umeme wetu unaopanda na kushuka.

Taa ya bei kubwa ndiyo iliyokuwa na alama na cheti.

“Fedha ya kununua tatu sina, Mwalimu.”

“Nunua moja. Matangi ya petroli yafunguliwe nje, penye upepo.”

Alikubali. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Ninaongeza kwamba anayelipa ule ughali mara nyingi siye aliyenunua taa, bali ni yule kijana wa kibarua aliyeko shimoni.