Kirusi cha Iringa

Mwaka 2012 nilikuwa na hamu moja tu, kuonekana mwandishi. Nyumbani kwetu Soweto, hapa Mbeya, tulikuwa na kompyuta ya mtumba yenye kelele kama mashine ya kusaga, na hadithi zangu nne zilikuwa humo. Nilichokosa ni programu ya kupangia kurasa za kijarida nilichokuwa nakiota. Kununua? Thubutu! Nikaenda intaneti kafe moja ya Mwanjelwa, kijana wa pale akanitilia programu kwenye flashi, tayari imevunjwa kufuli.

"Dogo, ukifika nyumbani zima antivirusi kwanza. La sivyo itagoma."

Nikazima. Yaani nilimfungia mbwa bandani ili mgeni nisiyemjua apite kwa raha zake.

Programu ikafunguka, nikafurahi kweli kweli. Jioni ile dada yangu, aliyekuwa akisoma chuo Iringa, akachomeka flashi yake kuongeza kurasa za mwisho za tasnifu. Alfajiri akapanda basi.

Kesho yake akapiga simu, sauti imemkauka. "Mdogo wangu, tasnifu siioni. Folda zote zimekuwa vimshale vimshale." Msimamizi wake alitaka nakala saa nane mchana. Mwenye stesheneri alishamwambia hapo dawa ni kufomati tu.

Bahati akatokea mwanafunzi mmoja, akamwambia asubiri kwanza. Kirusi cha aina ile hakifuti kitu. Kinazificha folda zako, kisha kinaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, na kirusi nacho kinaamka humo humo. Mwaka 2011 Microsoft walikwishaizuia Windows kuendesha yenyewe programu za kwenye flashi, lakini hiki hakikuhitaji kujiendesha. Kilitaka kidole cha mtu. Yule kijana akaandika amri moja fupi ya kuzifichua, na tasnifu ikarudi yote.

"Stesheneri za huku ni balaa," dada akaniambia usiku. "Nimechomeka pale tu, nikaokota kirusi."

Nikasema, "Pole, dada." Wakati huo kompyuta yetu ilikuwa mbele yangu, imejaa vimshale.

Akawatangazia wenzake wote chuoni wasikanyage kwa yule bwana. Kwa alivyosimulia, walimsikia.

Mei 2017 kikaja WannaCry, ambacho hakifichi bali kinafunga mafaili na kudai fedha. Hospitali za Uingereza zikaahirisha hata upasuaji. Kiraka cha kukizuia Microsoft walikitoa Machi, miezi miwili nyuma, ila wengi hawakukiweka. Tangu hapo kompyuta ikiniomba kusasisha, siiambii "baadaye". Naandikia kwenye akaunti isiyo na mamlaka ya kusakinisha chochote. Hadithi zangu zina nakala kwenye diski ninayoichomoa kila nikimaliza, maana ikibaki imechomekwa, itafungwa pamoja na mashine.

Juzi nilimtengenezea dada kompyuta yake hivyo hivyo. Akanicheka. "Uoga wote huu! Au bado unamkumbuka yule wa stesheneri?"

Nikacheka naye.

Kila toleo la jarida hili lenye maandishi yangu huwa namtumia dada kwa basi la Iringa. Hili nalo nitamtumia.