Bibi Aliyemwombea Mtoto wa Watu

Kuna swali ambalo wahubiri wetu hulipita haraka: je, jibu lisipokuja? Tunapenda ushuhuda. Fulani kaomba miaka saba kapata mtoto, fulani kafunga kapata kazi Mwanza. Aliyeomba na hakupata haitwi mbele kushika maiki.

Nililelewa na bibi yangu, Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, nikiwa darasa la pili, watu takribani 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia Rwanda. Hiyo namba niliisoma ukubwani. Nilichokiona utotoni ni vilima vya Benaco vikibadilika rangi: miti ikaisha, turubai zikajaa. Miongoni mwao walikuwemo waliokimbia kuuawa, na walikuwemo waliokuwa wameua. Hilo hata watoto tulilisikia.

Mama mmoja wa kambini alikuwa akija kumsaidia bibi shambani, anaondoka na ndizi na maharage. Kwenye msongamano wa pale darajani, mkono wa bintiye ulimponyoka. Mtoto wa miaka sita. Aliandikisha jina kwa watu wa Msalaba Mwekundu, akaambiwa asubiri.

Bibi hakumuuliza alikuwa upande gani. Alimuuliza jina la mtoto tu, na kuanzia jioni ile akaliingiza kwenye sala zetu, baada ya wajomba na kabla ya mvua.

Jamani, nilichoka. Kila siku jina lile lile, na mimi nina usingizi. Ukapita mwaka, ukaingia wa pili. Siku moja nikamwambia, "Bibi, kwani Mungu hajasikia?"

"Kasikia."

"Sasa mbona hajibu?"

"Muulize yeye. Mimi nimetumwa kuomba, sikutumwa kujibu. Funga macho."

Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31. Wengi walikimbilia kwanza porini, upande wa mashariki, jeshi likawageuza. Barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii watu wakielekea kule walikotoka. Yule mama alipita kuaga, hana jibu lolote. Bibi akamfungia maharage kwenye kanga yake mwenyewe. Hatukumwona tena, na bibi hakuliondoa jina.

Nilipokwenda sekondari Biharamulo, safari yenyewe ilikuwa shule ya kungoja. Mabasi yalisubiriana ili yapite porini kwa msafara, polisi wakisindikiza kwa sababu ya majambazi. Unakaa saa nzima kwenye jua na hakuna anayekuambia kitu. Huko shuleni ndiko nilikomsoma Habakuki, sura tatu tu. Anaanza kwa kumlalamikia Mungu: mpaka lini? Anapojibiwa, jibu linatisha kuliko ule ukimya: Wakaldayo wanakuja. Anapanda mnarani, anangoja. Kitabu kinaishia kwenye mashamba yasiyozaa na mazizi matupu, naye bado anaimba. Wanaohubiri kwamba Mungu hachelewi hunukuu katikati ya kitabu hiki, nadra sana wafike huko mwisho.

Sisemi kwamba nilielewa. Nilikasirika tu kwa namna nyingine, yaani niliona bibi anadanganywa.

Alifariki 2009. Miezi ya mwisho alichanganya majina yetu sote, mimi akiniita kwa jina la mjomba aliyekwisha kufa. Jina la yule mtoto hakulikosea hata mara moja. Kaka yangu alisema ni mazoea tu ya ulimi. Huenda. Nilimtazama mikono yake wakati akilitaja, na sikuweza kukubaliana naye.

Huyo binti, kama yu hai, anakaribia miaka arobaini. Pengine alipatikana wiki ile ile mama yake aliporudi, sisi tukaendelea kuomba kitu kilichokwisha kutendeka. Pengine hakutoka pale darajani. Jina lake siliandiki hapa. Huwa nalitaja jioni nikikumbuka, baada ya wanangu, na mdogo wao ameshaanza kuniuliza huyo ni nani.