Mafunzo ya kutibu vidonda vya moyo: tuulize nini kabla ya kupiga makofi?

Ninyi familia zenye kukimbia vita ambao mnasoma habari hizi kwenye simu za watoto wenu, kuna swali ambalo linanifikia kila wiki hapa Kamatanda: "Wale wanaofundishwa kutibu mawazo, wanaweza kweli kumponya mtu?" Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa mafunzo ya namna yoyote. Leo nataka tuongee juu ya hiyo tofauti.

Kwenye mikro ya radio sijawahi kusikia mtu akisema "nina ugonjwa wa akili." Mama atasema kichwa kinajaa. Papa atasema moyo hautulii, usingizi ulibaki kule kijijini. Kijana wa kuchimba atasema ana mawazo mengi, halafu atacheka. Ni watu wenye kupita mambo ambayo jimbo letu linayajua. Mwaka 1992 na 1993, stesheni ya reli ya Likasi ilijaa familia za asili ya Kasai zenye kufukuzwa makwao. Baadaye wengine walikimbia Mitwaba, Manono na Pweto, sehemu ile iliyoitwa pembetatu ya mauti. Kuna mtu aliyekimbia mara moja, na kuna aliyekimbia mara tatu, akazika watoto njiani, akafika mjini akaitwa mgeni.

Huyo wa pili ana kidonda kizito zaidi. Katika orodha mpya ya magonjwa ya OMS, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, hali yake imepewa jina la pekee: kiwewe changamano. Ndoto mbaya zipo, kushtuka kupo, kukwepa mahali na watu wenye kukumbusha mabaya kupo. Juu ya hayo yote, mtu hawezi kutuliza hasira au huzuni yake, anajiona hana thamani, na kuishi karibu na wengine kunamshinda, hata na bibi au bwana yake. Jirani anasema amerogwa, au ni mvivu. Ukimwambia "jikaze, sahau," haimsaidii.

Sasa tuangalie Kivu, kwa sababu huko walipima. Shirika la International Rescue Committee na watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins walifanya kazi na wanawake 405 katika vijiji 15, wote wenye kupitia au kushuhudia ukatili wa kingono. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipewa matibabu ya mazungumzo katika kikundi. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa kawaida: mtu wa kuwasikiliza kila mmoja peke yake. Matokeo yalitoka mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine. Miezi 6 baada ya matibabu, wale ambao bado walionekana kuwa na huzuni nzito au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100 katika vikundi, na 42 kwa 100 katika msaada wa kawaida. Pande zote mbili watu walipata nafuu, lakini tofauti ni kubwa.

Walifanya nini? Mtu alikutana kwanza na msaidizi peke yake, kisha wakakaa vikao 11 katika kikundi kidogo. Hakuna aliyelazimishwa kusimulia mbele ya wenzake yale aliyotendewa. Walijifunza kutenganisha vitu vitatu: jambo lililotokea, wazo lililobaki kichwani, na uchungu unaoletwa na wazo hilo. Mama anayesema "ni kosa langu, nilienda shamba peke yangu" anaulizwa polepole: nani alishika silaha? Nani alichagua kutenda ubaya? Wazo linapimwa kama vile mnunuzi anavyopima mawe kabla ya kutoa pesa. Na kwa kuwa wengi hawakusoma, mazoezi yalirahisishwa ili yashikwe kwa kichwa, bila daftari.

Ninalotaka mshike zaidi ni hili: waliotibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi Wakongomani, wenye angalau miaka 4 ya masomo baada ya shule ya msingi, wanaoongea lugha za wenyeji. Walifundishwa wiki 2. Lakini baada ya hapo hawakuachwa. Walikuwa na wasimamizi wa hapa nchini, na wasimamizi hao waliongea mara kwa mara na wataalamu wa Marekani kuhusu kila kikundi. Hapo ndipo nguvu ya kazi ilipokuwa.

Uganda, katika kambi ya Nakivale, ilikuwa karibu vivyo hivyo. Wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwatibu wakimbizi wenzao, Wanyarwanda na Wasomali, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Katika njia moja waliyotumia, mgonjwa anasimulia maisha yake yote kwa mfuatano. Njia hiyo kwa kawaida inaanza na kamba inayolazwa chini, jiwe kwa kila siku mbaya, ua kwa kila siku nzuri. Mtu anaona kwamba maisha yake si mawe peke yake.

Mimi nimefuata kama mwandishi semina moja ya siku mbili katika eneo letu. Kulikuwa na fulana, picha, vyeti na pesa ya usafiri. Miezi michache baadaye niliongea na mmoja wa waliofundishwa. Aliniambia mama mmoja alimweleza kwamba anataka kufa, naye hakujua ampigie nani simu. Cheti kilikuwa ukutani. Mzigo wa yule mama ukabaki juu yake peke yake.

Kwa hiyo, mtu akija kwetu na mafunzo ya namna hii, viongozi wa mtaa na familia tuwaulize bila haya. Njia mnayofundisha imepimwa wapi? Nani atawasimamia waliofundishwa, na kwa miezi mingapi? Vikao vitakuwa kwa Kiswahili chetu na Kiluba, au kwa Kifaransa cha vitabuni? Siri ya mtu italindwa namna gani katika mtaa ambamo kila ukuta una masikio? Na mgonjwa akizidi uwezo wa msaidizi, atapelekwa wapi, kwa nauli ya nani?

Swali hilo la mwisho ni la uhai. Anayeongea na sauti zisizosikika na wengine, anayeanguka kifafa, anayesema anataka kujiua, huyo anahitaji daktari bila kungoja kikundi. Msimwache peke yake hata usiku mmoja; mpelekeni kituo cha afya cha karibu, na kutoka hapo anaweza kutumwa Lubumbashi, kwenye kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo. Ni kama kilomita 120 kutoka Likasi, na kwa familia isiyo na franga hiyo ni safari ndefu. Ndiyo sababu tunahitaji watu waliofundishwa vizuri hapa karibu, na wasimamizi wanaopokea simu wakati msaidizi amekwama.

Kama una swali, lilete radioni au umtume mtoto na karatasi. Usiandike jina lako.