Sanduku la Numa

Babu alipozikwa, wajomba walitaka kulichoma sanduku lake la madaftari. Ya wafu na yafe nao, walisema. Mimi, mwanafunzi wa fasihi, nilinyamaza. Usiku huo nilimkumbuka Numa Pompilius.

Mapokeo yasema mfalme huyu wa pili wa Roma, Msabini wa mji wa Cures, alitawala kwa miaka 43 tangu 715 K.K., na milango ya hekalu la Janus ikabaki imefungwa, ishara ya amani. Sheria za ibada alidai kufunzwa usiku na Egeria, mungu wa kike. (Hila tamu, asema mwanahistoria Livy, japo si kwa maneno hayo.) Mnamo 181 K.K. masanduku mawili ya mawe yalifukuliwa chini ya kilima cha Janiculum. La maiti lilikuwa tupu. La pili lilijaa vitabu, vibichi kana kwamba viliandikwa jana. Huenda vilighushiwa. Hata hivyo, Seneti iliamuru vichomwe hadharani, ikihofia kwamba vingeibomoa dini ileile aliyoiasisi Numa.

Alfajiri nilimwendea mjomba mkubwa, nikamwomba ufunguo.

“Na ukikuta la aibu?”

Nilikosa jibu. Ufunguo alinipa.