Kwenye Kona, Chini ya Mikaratusi

Desemba 1998 tulisafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kumsalimu Bibi, na Baba alikuwa na lake moyoni: tuione treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikipanda mlima. Kuiona imesimama stesheni hakukumtosha. Ujanani, reli hiyo ilipokuwa ikijengwa, alikuwa kibarua kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako pamoja na mafundi wa Kichina, na sidhani kama aliwahi kuipenda kazi nyingine kama ile.

Kabla ya Morogoro alisimamisha gari kwenye kivuko cha Reli ya Kati. "Hii walianza Wajerumani. Upana wake mita 1. Ya kwetu ni milimita 1,067." Akabananisha vidole vinne, akatuonyesha. "Tofauti ndiyo hii." Kwa ajili ya vidole hivyo vinne, behewa la Kigoma haliwezi kuendelea hadi Zambia. Mpaka leo nikisikia habari za reli naviona vidole vya Baba.

Baada ya hapo hatukuiona TAZARA kutwa nzima, kwani hupita mbali kusini, kwenye pori lililoitwa Selous wakati huo. Tulilala gesti Makambako, reli na barabara kuu zinapokutana, kwa baridi ya kukata masikio.

Asubuhi tukaenda stesheni. Palikuwa mahali pabaya. Stesheni ni ya wasafiri: magunia, vikapu, watu wanaopokea wageni wao; mtoto haambulii ila migongo. Baba akamfuata mama mmoja aliyeuza mahindi ya kuchemsha.

"Shikamoo mama. Treni ya kutoka Mlimba, tuingojee wapi tuione vizuri?"

"Marahaba mwanangu. Rudini kule kwenye kona, kwenye mikaratusi. Pale mtaisikia kabla hamjaiona."

Hakuuliza tunataka nini na treni. Tangu siku hiyo, popote niendapo, namuuliza kwanza anayeishi jirani na reli.

Tulikaa juu ya ukingo, mbali na njia yenyewe. Mama akatandika kitenge, akatoa chupa ya chai na mihogo. Chini yetu mataruma ya zege yalijipanga hadi yakapotelea kwenye kona. Treni ilichelewa sana. Kisha tukasikia ngurumo ndogo, ikamezwa na kilima, ikarudi nzito zaidi, ikamezwa tena. Kutoka Mlimba ilikuwa imepanda zaidi ya mita 1,000, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, na sasa ilihema kama mtu aliyebeba gunia. Moshi ukatangulia juu ya miti. Kichwa kikajitokeza taratibu, karibu mwendo wa mtu anayekimbia, na hapo nikaelewa kwa nini Baba alitaka mlima: kila dirisha lilikuwa na uso, na kila uso tuliuona. Dereva akatupigia honi. Mimi nilihesabu mabehewa 14, mdogo wangu akashikilia ni 15.

Baba hakuhesabu. Alisimama kofia mkononi mpaka behewa la mwisho likapita, kisha akashuka tutani, akachuchumaa kando, akaweka kiganja juu ya taruma moja.

"Hapa tulinyeshewa wiki nzima," alisema.

Mama akamwita, chai inapoa. Aliitikia, lakini hakunyanyuka.